Amana Katika Barabara Inayojengwa

Sifa zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu, aliyeitandaza ardhi na kutuwekea ndani yake njia za kupita. Tunamshukuru, tunamtaka msaada na tunamwomba maghufira. Tunashuhudia kwamba hapana apasaye kuabudiwa kwa haki ila Yeye peke Yake, na tunashuhudia kwamba Bwana wetu Muhammad ni mja Wake na Mtume Wake. Rehema na amani zimshukie yeye, ali zake na sahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Ndugu Waislamu mliohudhuria msikitini, na ninyi mnaotusikiliza majumbani, madukani na safarini, tunakuusieni, na tunaziusia nafsi zetu kabla yenu, kumcha Mwenyezi Mungu kwa siri na kwa dhahiri.

Leo tunataka kuzungumza juu ya mwendo wa magari na pikipiki mahali ambapo barabara inajengwa au inatengenezwa. Huenda wako watakaosema kwamba mimbari si mahali pa kuzungumzia breki na vibao. Sisi hatukubaliani nao. Roho ya mtu ni jambo la dini kabla ya kuwa jambo la polisi, na mwenye kuipoteza roho ya mwenzake kwa uzembe ataulizwa mahali ambapo hakuna wakili.

Ndugu zetu, sisi watu wa Mpanda tunaijua thamani ya barabara kuliko wengi. Wazee waliomo humu wanakumbuka jinsi masika yalivyokuwa yakitufungia mlango. Malori yalizama katika tope la njia ya Inyonga, mto Koga ulifurika, na msafiri wa Tabora aliyekuwa na haraka hakuwa na tegemeo ila garimoshi la tawi la Kaliua. Mgonjwa alingoja, mpunga wa Mpimbwe ulingoja, asali na tumbaku za Inyonga zilingoja. Kisha mwaka 2012 mkoa wetu wa Katavi ukaanzishwa kwa kumegwa kutoka Rukwa, na katika miaka iliyofuata mitambo ikaingia. Barabara ya Tabora hadi Mpanda kupitia Koga, ambayo urefu wake unapita kilomita 340, ikatiwa lami kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika na fedha za Serikali yetu. Upande wa Sumbawanga na upande wa Uvinza kazi ikafanywa kipande baada ya kipande, na njia ya kwenda bandari ya Karema, kwenye Ziwa Tanganyika, nayo ikaanza kufunguliwa. Hii ni neema, na neema ina haki zake.

Lakini kati ya siku ya kuingia greda na siku ya kukatwa utepe kuna kipindi kirefu ambacho barabara si ya zamani wala si mpya. Upande mmoja umefungwa kwa mawe na mapipa, upande wa pili magari yanapishana kwa zamu. Njia ya mchepuo imechongwa porini haraka haraka, ina kona ambazo barabara yenyewe haikuwa nazo. Kiangazi vumbi linapanda mpaka dereva haoni taa za aliye mbele yake. Masika udongo mwekundu unateleza kama sabuni. Na katikati ya hayo yote wamo watu. Yumo mwenye kushika chepeo, yumo fundi aliyeinamia chombo chake cha kupimia, yumo dereva wa shindilia ambaye kelele za mtambo wake hazimwachi asikie honi. Wengi wao wamewapa magari mgongo, kwa sababu kazi haifanyiki kwa kutazama nyuma.

Tumtazame mmoja tu kati ya hao, naye ni mshika bendera. Mara nyingi ni kijana wa kijiji cha karibu, kibarua, amevaa fulana ya kung'aa iliyokwisha kupauka kwa jua. Mkono mmoja ana bendera nyekundu, mkono wa pili ya kijani. Anasimama kutwa nzima juani, na kinga yake ni kitambaa. Hana ukuta, hana bunduki, hana amri ya kumkamata mtu. Wenzake walio nyuma yake wameweka roho zao kwake, naye ameiweka roho yake kwa dereva ambaye hajapata kumwona, anayekuja kutoka kwenye vumbi na tani 30 za shehena.

Kitu cha namna hiyo katika dini yetu kina jina, kinaitwa amana. Tumezoea kudhani kwamba amana ni fedha tulizowekewa au siri tuliyoambiwa. La. Mtu akikupa mgongo wake kwa kuwa anaamini hutamdhuru, amekuweka amana. Na khiyana ya amana tunaijua sote kuwa ni alama mojawapo ya mnafiki.

Sasa tutazame mafundisho ya Mtume wetu (S.A.W.) katika jambo la mwendo, maana hakutuacha gizani. Katika Hija ya kuaga, mwaka wa 10 wa Hijra, watu walipoondoka Arafa kwenda Muzdalifa, njia ilijaa. Ibn Abbas (R.A.) amesimulia kwamba Mtume alisikia nyuma yake makelele na ngamia wakipigwa ili wakimbie. Akawaashiria watu kwa fimbo yake, akawaamrisha utulivu, na akawajulisha kwamba wema haupatikani kwa kukimbiza wanyama. Zingatieni kwamba watu hao walikuwa katika ibada, wanakimbilia kheri, wala hawakuwa wanakimbilia abiria wa stendi. Na juu ya hivyo walizuiwa.

Usama bin Zayd (R.A.), aliyekuwa amepandishwa nyuma ya Mtume juu ya ngamia wake usiku ule, aliulizwa baadaye: Mtume alikuwa akienda mwendo gani? Akaeleza kwamba alikwenda mwendo wa wastani penye watu, na alipopata nafasi iliyo wazi aliongeza. Hapa ipo elimu kubwa, ndugu zetu. Mtume hakuharamisha kwenda kasi. Aliufuatisha mwendo na hali ya njia. Njia ikibana, mwendo unapungua. Njia ikifunguka, unaongezeka. Mhandisi anayesimamisha kibao cha 80, kisha mbele cha 50, kisha cha 30 karibu na mashine, hafanyi ila kuipanga kwa hesabu hekima iliyoonekana usiku ule wa Muzdalifa. Hapunguzi kwa ghafla, maana gari zito halipungui kwa ghafla. Anampokea dereva akiwa mbali, anamshusha ngazi kwa ngazi, ili atakapomfikia mshika bendera awe amekwisha kuwa mtulivu.

Na tukio la Anjasha linajulikana. Alikuwa akiwaimbia ngamia waliobeba wanawake, na ngamia kwa kuupenda wimbo wakazidi mbio. Mtume akamtaka apunguze, na akawafananisha waliobebwa na vyombo vya kioo. Basi dereva wa basi la kutoka Mpanda na ajiulize nyuma yake amebeba nini. Magunia ya mahindi yakianguka huokotwa.

Wako ndugu wanaopenda kusikia hesabu, nao wana haki. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hukata mita 22 kwa sekunde moja. Linalokwenda 30 hukata mita 8. Binadamu akiona hatari humchukua sekunde moja au zaidi kabla mguu haujafika kwenye breki. Kisha breki nazo zinahitaji ardhi ya kushika, na kifusi kikavu hakishiki kama lami. Ukikusanya yote, dereva mwenye mwendo wa 80 juu ya changarawe huenda asisimame mpaka amekwisha kwenda mita 90 na zaidi, na mwenye 30 anasimama ndani ya mita ishirini na kitu. Nguvu ya pigo nayo haipandi sawa na mwendo. Mwendo ukizidi mara mbili, pigo linazidi mara nne. Kwa hiyo anayesema, "Nimepita kidogo tu juu ya kibao," hajui alichokisema. Shirika la Afya Duniani, katika taarifa yake ya mwaka 2023, lilikadiria kwamba watu milioni 1.19 hufa barabarani kila mwaka, na zaidi ya tisa katika kila kumi hufa katika nchi zenye kipato kidogo na cha kati, yaani nchi kama zetu.

Tumesikia mara nyingi maneno haya baada ya maziko: "Ni kazi ya Mungu." Kweli, hakuna linalotokea nje ya elimu na kadari ya Mwenyezi Mungu. Lakini kadari haikutolewa iwe pazia la mkosaji. Mwizi naye angeweza kusema hivyo.

Sheria yetu imelipambanua jambo hili kwa uwazi. Mwenye kumwua Muislamu mwenzake bila ya kukusudia hakuachwa hivi hivi. Katika sura ya An-Nisaa, aya ya 92, yamewekwa mambo mawili. La kwanza ni dia wapewe jamaa wa maiti, ila wakisamehe wenyewe. Na dia ya mtu mwanamume, kama walivyokadiria mafakihi, asili yake ni ngamia 100. La pili ni kafara ya kumwacha huru mtumwa muumini, na asiyempata afunge miezi miwili mfululizo. Tumeulizwa na madereva zaidi ya mara moja: bima ikilipa, je, jambo si limekwisha? Tukawajibu kwamba bima inaweza kuwalipa wafiwa, lakini bima haifungi saumu. Dereva ambaye mwendo wake una sehemu katika kifo kile anadaiwa kafara yeye mwenyewe, kwa mwili wake, siku sitini hivi, na akila siku moja katikati bila ya udhuru anaanza upya. Ni wangapi wanaolijua hili? Na ni wangapi wamekufa na deni hili shingoni, jamaa zao wakidhani kesi ilikwisha mahakamani?

Tutoe mfano mmoja kabla ya kuendelea. Barabara ya kwenda Sumbawanga inapita Sitalike na kuingia katika hifadhi ya Katavi, na nyote mmeona jinsi madereva wanavyotulia humo wakimwona tembo au kiboko. Kule Mikumi, ambako barabara kuu ya Morogoro na Iringa inakata hifadhi, faini ya kumgonga kila mnyama imeandikwa, na dereva anaiogopa. Hatuna ubaya na jambo hilo. Wanyama nao ni viumbe wa Mwenyezi Mungu na ni mali ya umma. Lakini yatustaajabisha kwamba mtu huyo huyo akitoka hifadhini, akamkuta mwanadamu mwenye bendera, anapiga honi na kumpita.

Ndugu Waislamu, hatukusudii kuwatupia madereva mzigo wote. Haki ya njia ina wenyewe wengi, na mkandarasi ni mmoja wao, tena mkubwa.

Wanazuoni wa madhehebu yetu ya Imam Shafi walikwisha kuandika, kabla ya kuwako lami, hukumu ya mwenye kuchimba shimo katika njia ya watu. Walisema kwamba akilichimba katika njia nyembamba, mahali panapowadhuru wapitao, anadhaminika kwa atakayeanguka, hata kama alipewa ruhusa na mtawala. Ruhusa haiyaondoi madhara. Basi mkandarasi anayechimba mtaro wa kalvati, ikamkuta magharibi, akaenda zake bila ya taa, bila ya kiakisi mwanga, bila ya mlinzi, akaacha tawi la mti kuwa ndiyo alama, na ajue kwamba hukumu yake imo vitabuni. Vivyo hivyo tuta la udongo linaloinuliwa usiku mmoja bila ya kibao mbele yake. Tuta hilo lilikusudiwa kuokoa. Mwenye pikipiki asiyelijua linamwua.

Na liko kosa jingine la wakandarasi ambalo kwa mtazamo wetu ni baya kuliko mashimo, kwa kuwa halionekani. Ni kibao kinachosema uongo. Kazi imekwisha, mashine zimehamishwa, watu wameondoka, lakini kibao cha 30 na picha ya mtu mwenye chepeo bado vimesimama, wiki ya kwanza, ya pili, mwezi wa tatu. Dereva anapunguza siku ya kwanza, haoni mtu. Anapunguza siku ya pili, haoni mtu. Siku ya kumi hapunguzi tena. Kisha anafika mahali pengine penye kibao cha namna ile ile, na safari hii watu wapo. Ni nani aliyemfundisha kutosadiki? Kibao ni ushahidi unaotolewa mbele ya watu wote wapitao, na shahidi aliyesema uongo mara nyingi hasikilizwi siku anaposema kweli. Kwa hiyo kukifunika au kukiondoa kibao jioni ile kazi inapokwisha ni wajibu sawasawa na kukisimamisha asubuhi. Tunawaomba wahandisi washauri na wasimamizi wa TANROADS wanaotusikia walitilie mkazo jambo hili. Linagharimu nguvu za watu wawili na robo saa.

Hali kadhalika maji ya kumwagia vumbi. Boza likikosa kupita, dereva mwema na dereva mbaya wanakuwa sawa, maana wote ni vipofu.

Nasi wakazi tuna sehemu yetu. Mtume (S.A.W.) alitufundisha kwamba imani ina matawi zaidi ya sitini, na tawi lililo chini kabisa ni kuondoa udhia njiani. Alitueleza habari za mtu aliyesamehewa kwa ajili ya tawi la miba aliloliondoa njiani. Sasa ikiwa mwenye kuondoa miba anasamehewa, tuseme nini juu ya mtu anayekwenda usiku kung'oa kibao cha onyo akauze chuma chakavu, au achonge jiko la mkaa? Huyo hakuiba bati. Ameiba macho ya wasafiri. Na mnunuzi wake anayejua bati lile limetoka wapi ni mshirika wake, hata akisali safu ya mbele.

Wako vijana wetu wa bodaboda, wa Makanyagio na Majengo na kwingineko, ambao wakikuta kipande kimefungwa kwa mawe hupenya pembeni, wakateleza juu ya kokoto mbichi za lami wakiwa na abiria wawili. Lami iliyomwagiwa kokoto inahitaji mwendo wa pole siku zake za mwanzo. Ukiikimbilia, kokoto zinang'oka, zinavunja kioo cha anayekufuata, zinamtoboa jicho mtembea kwa miguu, na barabara iliyogharimiwa na kodi zetu inaanza kufa kabla ya kuzaliwa. Wako pia wanaoanika mpunga na mihogo juu ya lami mpya kwa sababu ni safi na ina joto. Tunaufahamu ugumu wa maisha, lakini barabara si uwanja wa nyumba ya mtu. Na wazazi tunaokaa karibu na kazi, tuwafundishe watoto wetu kwamba katapila linalorudi nyuma halina macho.

Tunasema haya, na tunamwomba Mwenyezi Mungu maghufira kwa ajili yetu na yenu. Mwombeni maghufira, hakika Yeye ni Mwingi wa kusamehe, Mwenye kurehemu.

(Khutba ya pili)

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, ali zake na sahaba zake.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, limebaki neno kwa wenye magari na kwa abiria. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 imemwekea dereva mipaka: kilomita 50 kwa saa mahali penye makazi ya watu, na 80 kwa mabasi na magari mazito hata njia ikiwa wazi. Penye ujenzi kibao kinaweza kushusha chini ya hapo, nacho ndicho cha kufuatwa. Lakini tajiri anayempangia dereva wake saa za kufika kana kwamba barabara nzima ni lami, huku akijua kwamba katikati iko michepuo, huyo ndiye aliyekanyaga mafuta, ingawa mguu wake uko nyumbani. Apunguze safari, au aongeze saa.

Na abiria, ulimi wenu una kazi. Wako wanaomshangilia dereva akilipita gari jingine ndani ya vumbi. Wako wanaonung'unika basi likisimamishwa dakika kumi na mshika bendera, wakamrushia maneno dirishani kijana ambaye hana alichowakosea ila kuwahifadhi. Kumkataza dereva mbio ni kukataza mabaya. Lifanyeni kwa adabu, lakini lifanyeni. Na mkipita mwambieni kijana yule salamu. Salamu ni katika haki za njia, na dereva anayetoa salamu kwa kawaida huwa amekwisha kupunguza mwendo.

Imepokewa kwamba Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.), akiwa Madina, alihofia kuulizwa na Mola wake juu ya mnyama atakayejikwaa katika ardhi ya Iraq kwa kuwa hakumtengenezea njia. Alikuwa na hofu hiyo kwa nyumbu aliye mbali naye safari ya siku nyingi. Watu wetu wako hapa, upande wa Vikonge, upande wa Karema, kilomita chache kutoka msikiti huu, na kesho asubuhi watakuwa kazini.

Ewe Mola wetu, warehemu waliokufa katika barabara zetu, waliokuwa wakisafiri na waliokuwa wakizijenga. Wape subira wajane wao na uwalee mayatima wao. Waponye waliobaki na vilema. Wahifadhi vijana wanaosimama juani na bendera mikononi, mbele yao na nyuma yao, kuliani kwao na kushotoni kwao, na warejeshe kwa mama zao jioni wakiwa salama. Walainishe nyoyo madereva wetu, uwape wakandarasi na viongozi wetu uaminifu katika walichokabidhiwa. Tusamehe sisi na wazazi wetu na Waislamu wote, wanaume na wanawake, walio hai na waliokufa. Amin.

Simamisheni Sala.